Laki nne za Mama Zai

Mwaka 2019 nilitengeneza video ya mafunzo ya dakika 24 kwa ajili ya mawakala wa pesa za simu, mada ni jinsi ya kujikinga na matapeli, na kiukweli niliionea fahari sana. Slaidi 31, rangi zimepangika, nembo kwenye kona, sauti ni yangu mwenyewe, nimekunywa na maji ya uvuguvugu kabisa kabla ya kurekodi. Inaanza hivi: "Karibu katika somo hili. Malengo ya somo hili ni kama ifuatavyo." Sasa ule mfumo tuliouwekea video ulikuwa unakuonyesha kila mtu kaishia wapi, kuna kamstari kanapanda na kushuka, ka video yangu kalikuwa kanashuka kama mtu aliyeteleza kwenye tope la Jangwani. Wengi waliondokea kwenye yale malengo, yaani hata sijamaliza kuyataja. Waliofika mwisho walikuwa wa kuhesabu na mmoja wao ni mimi, mwingine bosi, na bosi nilikuja kujua baadaye kwamba aliiacha inacheza akaenda kula.

Kampuni siitaji, na wala sina ugomvi nao, ile skripti niliandika kwa mkono wangu.

Dawa niliyopewa na kila mtu ilikuwa moja tu: fupisha. Na wana hoja. Mwaka 2014 kina Philip Guo walitoa utafiti wao kuhusu video za edX, mtandao wa kozi za vyuo, walipitia mara milioni 6.9 ambazo watu walikaa kuangalia, wakaona video zinazoweza kumshika mtu ni zile fupi zisizozidi dakika 6. Basi nikachukua ile ya dakika 24 nikaikata vipande vitano, kila kipande na kichwa chake cha habari. Badala ya kuboa mara moja nikaboa mara tano.

Kilichokuwa kinaniumiza ni kwamba hao hao mawakala nikipita vibandani mwao nawakuta wameweka simu kwenye kopo la kalamu wanaangalia tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili, saa nzima, mteja kasimama na hela mkononi anaambiwa "subiri kidogo dada, huyu mkwe ana mambo". Saa nzima! Mimi nawaomba dakika tano za kuokoa hela yao wenyewe hawana.

Hapo ndo nikamkumbuka Mkwaju.

Ngoja nieleze. Mimi nimekulia Dodoma. Mwaka 1994 nikiwa na miaka kumi nilipelekwa likizo kwa shangazi Morogoro, nyumba yake haikuwa mbali na Msamvu, malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita usiku kucha mpaka vikombe vinagongana kabatini. Kule nikakuta utaratibu ambao nyumbani hatukuwa nao. Mara mbili kwa wiki, jioni, shangazi anatoa redio nje anaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, majirani wanakuja na vigoda, wengine na mboga zao wanachambua pale pale, na ikianza Twende na Wakati hakuna anayepumua. Ulikuwa mchezo wa RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, ulianza mwaka 1993, nusu saa. Humo ndani kuna dereva wa lori anaitwa Mkwaju, ana mke nyumbani anaitwa Tunu na ana wanawake njiani kote anakopita, na kila mtu pale uani anajua hili litaishia wapi isipokuwa Mkwaju mwenyewe. Wamama walikuwa wanamtukana kwa jina. "Mkwaju wewe! Mkwaju utaua watu!" Redio ikizimwa mjadala ndo unaanza, Tunu avumilie au aondoke, na kuna jirani mmoja mumewe alikuwa dereva kweli, wa barabara ile ile, yeye alikuwa hachangii kitu, anachambua tembele lake kimya kimya mpaka giza linaingia. Wakati ule sikuelewa. Nilidhani amechoka tu.

Likizo ikaisha nikarudi Dodoma, jioni nikawasha redio, Mkwaju hayupo. Kipindi kingine kabisa. Nikaigonga redio ya baba, nikazungusha kile kiduara mpaka nikapigwa. Nimekuja kujua ukubwani, nikiwa nasoma mambo haya ya kazi: Dodoma ilirukwa makusudi. Watafiti akiwemo Everett Rogers walitaka sehemu ya kulinganishia, kwa hiyo mtambo wa Dodoma haukurusha ule mchezo mpaka mwaka 1995, afu wakawa wanapima tofauti. Na tofauti ilionekana, kwenye uzazi wa mpango na kwenye tahadhari ya Ukimwi, wale waliosikiliza walibadilika zaidi, na mchezo ulipofika Dodoma na Dodoma nako mambo yakaanza kusogea. Kwa hiyo mimi na baba yangu na ile redio tulikuwa kundi la kulinganishia na hakuna aliyetuambia. Nimeshawasamehe.

Nikaanza kufuatilia ule mchezo uliandikwaje, maana niliona siri iko kwenye uandishi. Njia yenyewe imetoka Mexico kwa bwana mmoja anaitwa Miguel Sabido. Kulikuwa na tamthilia ya Peru ya mwaka 1969, binti wa kazi za ndani anajikwamua kwa kushona na cherehani, hakuna aliyekuwa amepanga kufundisha chochote, lakini wanawake kibao wakaenda kujiandikisha kwenye madarasa ya ushonaji. Sabido akaona ahaa, kama imetokea kwa bahati basi inaweza kutokea kwa makusudi. Mwaka 1975 akatoa ya kwake kuhusu watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, wakatajiwa na ofisi ya kuchukulia vitabu, watu wakafurika Mexico City mpaka magari yakakwama.

Na siri ni hii. Kila tamthilia ya namna hiyo ina watu wa aina tatu. Yupo mwema, yupo mbaya, na yupo wa katikati, huyu anayumba, leo anasikiliza huyu kesho yule. Wengi tunaoandika mafunzo tunajua wawili tu wa mwanzo. Tunaweka Juma anayefuata taratibu na Hamisi asiyefuata, Juma anapata zawadi Hamisi anafukuzwa kazi, video imeisha. Mtazamaji yeye si Juma na wala si Hamisi. Ni mtu mwenye akili zake ambaye siku moja saa kumi na moja jioni, kachoka, atayumba. Usipomwonyesha huyo hujamwonyesha kitu.

Haya, na mimi nikaandika la kwangu. Likawa baya.

Skripti ya kwanza ilikuwa na wakala anaitwa Mama Zai, kaajiriwa kibandani, floti, ile hela ya kwenye simu anayofanyia miamala, si yake. Anakuja tapeli amevaa kapelo na miwani ya giza, anaongea kwa kunong'ona kama jambazi wa kwenye katuni, Mama Zai anataka kudanganyika, ghafla anatokea kaka mmoja mwenye tai, sijui katokea wapi, anasema "Subiri Mama Zai! Je, wajua kwamba kabla ya kumpa mteja fedha taslimu unapaswa kuhakiki salio lako la floti?" Mama Zai anajibu "Asante sana mtaalamu, sasa nimeelewa". Wacha we. Nilimwonyesha dada mmoja wakala wa Tandika ambaye huwa hafichi kitu, akacheka mpaka akashika meza. Akaniambia kaka, kwanza hakuna mtu anaongea hivyo. Pili huyo tapeli wenu ni mjinga, huyo hata mwanangu wa darasa la tatu hampigi. Aliyenipiga mimi alikuwa ananiletea karanga.

Karanga! Hiyo karanga ndo iliyonifundisha kazi.

Nikamwomba nikae kibandani kwake siku tatu. Nimejifunza zaidi mle ndani, kwenye stuli ya plastiki iliyopasuka, kuliko kwenye warsha zote za hoteli nilizowahi kuhudhuria na kula keki zake. Tapeli haji na miwani. Anakuja Jumatatu anatoa elfu tano, muamala halali kabisa, anakusalimia, "shikamoo mama", anauliza mtoto anaendeleaje. Jumatano anakuja tena, elfu kumi, halali, anakuachia karanga. Anasoma muda wako, anajua saa ngapi kuna foleni, anajua mwenye floti huwa anapita lini kuchukua hesabu. Afu Ijumaa jioni mvua inanyesha, watu wamejazana chini ya kibati chako, mtoto analia, yeye anakuja na haraka, mke wake yuko hospitali, "mama nimeshatuma laki nne, meseji imeingia angalia", na kweli meseji imeingia, ina maneno yale yale, jina lake, kiasi, mpaka salio jipya limeandikwa. Imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu lakini nani anaangalia meseji imetoka wapi wakati watu sita wanakuita kwa mpigo. Anayo huruma yako, anayo karanga tumboni mwako. Unahesabu laki nne unampa.

Kujikinga kwenyewe ni kitu cha sekunde kumi. Ingia kwenye menyu uangalie salio la floti, kama hela haijaongezeka hakuna hela. Basi. Hicho ndicho nilichokiweka slaidi ya 14 kwa herufi nzito. Kila wakala anakijua, ukimuuliza darasani anakujibu vizuri kabisa na kifungu. Kinachomshinda ni kumwambia mtu mwenye mgonjwa hospitalini, aliyekuletea karanga, mbele ya watu, "subiri kwanza". Aibu. Somo lote lilikuwa kwenye ile aibu na mimi nilikuwa nafundisha menyu.

Kwa hiyo skripti mpya nikaijenga juu ya "subiri kwanza". Sehemu ya kwanza dakika nne, haina malengo ya somo, haina karibu, inaanza na mvua juu ya bati na mkono wa Mama Zai unapokea bahasha ya karanga. Tapeli anaitwa Shemeji, maana kila mtu mtaani anamwita hivyo na hakuna anayejua ni shemeji wa nani. Sehemu inaishia Mama Zai ana bando la noti mkononi, anahesabu, kidole kiko kwenye noti ya mwisho, anainua macho anaangalia simu. Giza. Itaendelea Ijumaa.

Tuliachana na ule mfumo wa mwanzo tukaenda WhatsApp, kwenye magrupu ambayo mawakala walikuwa nayo tayari, na tukawa tunatuma Jumanne na Ijumaa. Hilo la siku mbili niliiba kwa redio ya shangazi bila aibu. Jumanne jioni tukatuma sehemu ya kwanza, usiku ule ule grupu likawaka. Voisi za dakika tatu tatu. Mmoja anasema Mama Zai asitoe, mwingine anasema hapana yule Shemeji ni mtu mzuri mnamwonea, mwingine anasema mimi hivyo hivyo nilipigwa laki mbili na nusu mwaka juzi na sikuwahi kumwambia mtu, afu wa pili akajitokeza na yeye alipigwa, wa tatu. Kufikia Alhamisi walikuwa wameshafundishana wao kwa wao kila kitu kilichokuwa kwenye slaidi 31, mpaka ile namba 15040 ya kuripoti meseji za kitapeli aliitaja mwanagrupu, sikuitaja mimi. Ningetuma sehemu zote siku moja wangeziangalia mfululizo wakalala. Zile siku tatu za kusubiri ndo zilikuwa darasa. Nilikuwa nasoma zile meseji namwona yule jirani wa shangazi na tembele lake, najiuliza angekuwa na simu angeandika nini.

Ijumaa, Mama Zai anatoa hela.

Walinitukana. Bosi pia alinipigia, anasema tumeonyesha kosa, tungeonyesha njia sahihi. Nikamwambia bosi, akifanya sahihi sehemu ya pili nani ataangalia ya tatu. Alipe kwanza. Sehemu ya tatu na ya nne tulikaa nyumbani kwa Mama Zai: mwenye floti anamkata mshahara miezi mitano, ada ya Zai haijalipwa, mume hajaambiwa, Mama Zai anadanganya kwamba mshahara umechelewa, na uongo wa kwanza unazaa wa pili. Sehemu ya sita Shemeji mwingine anatokea, sura tofauti, safari hii ana maandazi, mvua ile ile, na Mama Zai anasema "subiri kwanza" kwa sauti inayotetemeka, anaona aibu kweli kweli, watu wanaguna, na kamera inabaki usoni kwake zile sekunde kumi zote anazoangalia salio. Sekunde kumi kwenye video ni ndefu kama kesha. Hatukukata hata moja. Yule dada wa Tandika aliniambia alikuwa anazihesabu na yeye.

Sasa matatizo, maana sitaki mtu asome hapa akadhani ni mteremko.

Shemeji alipendwa. Tulimchukua kijana mmoja wa kikundi cha sanaa Temeke, ana tabasamu fulani hivi, basi magrupuni watu wakawa wanasalimiana kwa maneno yake, "mama mtoto anaendeleaje", wakatengeneza na stika. Nikapata hofu kidogo. Mtu mbaya lazima avutie la sivyo hakuna atakayeelewa kwa nini Mama Zai alidanganyika, lakini akivutia kupita kiasi unakuwa umemtengenezea tangazo. Tulichofanya ni kwamba kila Shemeji akicheka, picha inayofuata ni nyumbani kwa Mama Zai. Kila mara. Na hatukuonyesha hata mara moja meseji feki inatengenezwaje, kamera ilikaa upande wa dirisha la wakala tu, kile anachokiona yeye ndicho tunachokiona sisi.

Kosa lingine lilikuwa langu kwa asilimia mia. Msimu wa pili nikanogewa. Nikaweka mapenzi, Mama Zai ana mdogo wake wa kike, kuna fundi simu wa kibanda cha jirani, mara barua, mara mama mkwe hataki. Tulipowauliza mawakala wamejifunza nini wakatueleza harusi. Harusi yote, mpaka rangi ya sare! Somo lilikuwa kutomwambia mtu yeyote namba ya siri hata akijitambulisha ametoka makao makuu, hilo halikumbukwi na mtu. Richard Mayer, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza, na wenzake waliliandika hili tangu miaka ya 90, kwamba utamu usiohusiana na somo unalimeza somo, na nilikuwa nimelisoma, na bado nikaweka harusi. Siku hizi nina kipimo kimoja: naitoa ile tahadhari kwenye skripti, kama hadithi bado inasimama bila hiyo basi ile tahadhari nimeibandika tu, narudi kuandika upya. Harusi ilisimama vizuri sana bila namba ya siri.

Na kuna vitu usivitungie hadithi jamani. Namna ya kusajili wakala mpya kwenye programu, bonyeza hapa, piga picha kitambulisho pale, rekodi kioo cha simu sekunde 90 utume. Nimeona watu wanaweka babu na mjukuu wanazungumzia fomu. Babu gani anazungumzia fomu?

Kuhusu vifaa watu wananiuliza sana inboksi. Msimu wa kwanza wote tulishuti kwa simu. Hela ilienda kwenye mambo mawili, maiki ya kubana kwenye nguo na kuwalipa waigizaji kwa wakati, na nasisitiza kwa wakati maana mwigizaji anayekudai anaigiza kama anayekudai. WhatsApp ilikuwa inakataa video inayozidi MB 16, na watu wako kwenye bando la siku, kwa hiyo tulibana picha mpaka basi, na hapo ndo niligundua kitu: ukibana video, maandishi ya slaidi yanakuwa uji lakini uso wa mtu unabaki uso. Tukaacha picha za mbali, tukapiga nyuso na mikono tu, noti, kioo cha simu kikiwa kimejaa picha nzima. Watu wakasifia "staili yenu ya kamera". Ilikuwa ni MB 16.

Sauti usiifanyie masihara. Ile mvua ya kwenye bati ilikuwa ya kweli, ilitukuta tukiwa tunashuti, maneno yote hayasikiki, ikabidi turudi wiki ya pili turekodi maneno ndani ya gari la kaka yake mwigizaji, vioo vimefungwa, jasho linatutoka watu watano. Mvua tukaiweka chini yake. Nikiangalia ile sehemu mpaka leo nasikia harufu ya lile gari.

Mwezi uliopita nilienda Morogoro kumwona shangazi. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini simu anayo na bando anawekewa na wajukuu. Nikamwekea sehemu ya kwanza, nikamshikia simu karibu na uso. Akaangalia ya kwanza, ya pili, akaanza kumtukana Shemeji kwa jina kama alivyokuwa anamtukana Mkwaju, ya tatu, ya nne, chai ikapoa. Ya nne ilipoisha akaninyang'anya simu akaigeuza geuza kama iliyobaki imejificha nyuma.

"Enhe, na mume wake akajua?"

Nikamwambia shangazi, Ijumaa.

"Ijumaa? Leo si Jumamosi wewe mtoto!"

Nikaiweka ya tano.